Tanga inasikika, Tanga haisikii

"Haloo? Haloo Dar? Mnanisikia?"

Dar walikuwa wanamsikia vizuri kabisa. Mama wa meza ya tiketi alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anajibu kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara: "Nakusikia mwanangu! Kumi na nne kimeuzwa! Kimeuzwa, usimpe mtu!" Upande wa pili dada wa Tanga hakupata hata mkwaruzo. Abiria ameshaweka hela mezani, nyuma yake kuna foleni. Akasubiri kidogo, akakata simu, akaandika tiketi. Kesho yake alfajiri, kwenye basi la Tanga kwenda Dar, kiti namba 14 kilikuwa na wenyewe wawili: mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekata ya kwenda na kurudi tangu Dar, na mzee aliyekuwa anawahi kliniki. Mzee akasimama mpaka Segera, aliposhuka mtu.

Simu zile nilizifunga mimi.

Ilikuwa mwaka 2018. Kampuni ni ndogo, ya mabasi machache, yenye ofisi Dar, Tanga na Korogwe. Viti vilikuwa vinaandikwa kwa kalamu kwenye chati, kwa hiyo kila tiketi ya njiani ilitaka simu: kipo au hakipo? Vocha zilikuwa zinawamaliza. Wakaniomba niwafungie simu za mezani zinazopita kwenye intaneti, ofisi zote tatu zipigiane kwa namba fupi: 101 Dar, 201 Tanga, 301 Korogwe. Nikaweka Asterisk, ile programu huria ya kuendeshea simu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999, kwenye kompyuta ndogo chini ya meza ya mhasibu pale Dar. Dar walikuwa na intaneti ya kebo. Tanga na Korogwe walikuwa na ruta za kuweka laini na bando.

Ndani ya ofisi ya Dar simu ziliita na kusikika safi. Taabu ilianza sauti ilipotakiwa kutoka nje ya mlango.

Wengi tumekulia kwenye nchi ya S.L.P., kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa S.L.P. Shule nzima ina sanduku moja posta. Barua ya mwanafunzi wa bweni la tatu haiji bwenini. Inaishia kwenye sanduku la shule, tarishi anaichukua, anasoma jina, anampelekea mwenyewe. Ruta ya ofisini ndiyo tarishi huyo. Ndani, kila simu na kila kompyuta ina anwani yake ya bwenini, mara nyingi inayoanza na 192.168 au 10. Nje, wote wanaonekana kwa anwani moja ya S.L.P. Kazi hiyo ya kugeuza anwani ya ndani kuwa ya nje, na ya nje kuwa ya ndani, ndiyo inayoitwa NAT, yaani tafsiri ya anwani za mtandao.

Tarishi wa ruta ana tabia mbili za kuzikumbuka. Ya kwanza, ana daftari. Paketi, yaani kifurushi cha data, ikitoka ndani anaandika: simu ya mezani ya Tanga imeandikia Dar, nimeitoa kwa poti fulani, yaani mlango wenye namba. Jibu likija kwenye poti ile anafungua daftari, anajua ampe nani. Barua isiyo na mstari kwenye daftari anaitupa. Ya pili, mstari ukikaa kimya muda mrefu anaufuta, maana daftari lina kurasa chache.

Na kuna jambo moja asilolifanya: hafungui bahasha. Anabadilisha anwani ya juu tu. Kilichoandikwa kwenye karatasi ya ndani hakimhusu.

Simu za intaneti zinagongana naye hapo hapo. Mazungumzo ya kupanga simu, nani anampigia nani, yanakwenda kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo SIP. Sauti yenyewe inakwenda pembeni, kwa itifaki nyingine iitwayo RTP, kwenye poti zake. Ili sauti ijue pa kwenda, simu inaandika ndani ya barua ya SIP: sauti yangu nileteeni mahali fulani. Inaandika anwani inayoijua yenyewe, na anwani pekee inayoijua ni ya bwenini.

Hii ndiyo karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha ya Tanga:

v=0
o=- 3871 3871 IN IP4 192.168.8.105
s=-
c=IN IP4 192.168.8.105
t=0 0
m=audio 11780 RTP/AVP 8 101

Mstari wa c ndio wenye anwani ya kuletewa sauti. Mstari wa m unataja poti, 11780, na kodeki, yaani namna za kugeuza sauti kuwa data, ambazo simu inazikubali: namba 8 ni G.711 ya A-law, na 101 ni ya vitufe vinavyobonyezwa. Basi mashine ya Dar ikasoma karatasi, ikatii. Ikachukua sauti ya mama, ikaikata vipande vya milisekunde 20, na kila kipande ikakiandikia 192.168.8.105. Anwani hiyo haina njia kwenye intaneti. Iko ndani ya nyumba elfu nyingi na haiko popote. Vipande 50 kila sekunde vilikuwa vinatoka chini ya meza ya mhasibu na kufia hatua chache baada ya mlango, huku mama anapaza sauti.

Sauti ya dada wa Tanga yenyewe ilikuwa inafika, kwa kuwa upande wa Dar nilikuwa nimemwambia Asterisk anwani yake ya nje, na kwenye ruta nikafungua poti 10000 hadi 20000 zielekezwe kwake. Ndiyo maana Tanga ilisikika na haikusikia. Hali hiyo ni mbaya kuliko simu isiyoita kabisa. Simu isiyoita unajua imekufa, unatoa simu yako mfukoni. Simu ya upande mmoja inamfanya mmoja aamini ameshasema.

NAT yenyewe ililetwa kama kiraka. Kjeld Egevang na Paul Francis waliieleza kwenye RFC 1631, mmoja wa nyaraka za kiufundi za intaneti, wa Mei 1994. Anwani za IP za wakati ule, ambazo bado ndizo tunazotumia wengi, ni za biti 32, yaani kama bilioni 4.3 tu, na tayari ilionekana zitaisha. Wao wenyewe waliiita suluhisho la muda mfupi. Waraka ule ule ulitahadharisha kwamba programu zinazoandika anwani ndani ya ujumbe zitapata shida, ukataja FTP, itifaki ya kuhamishia mafaili. SIP tunayoitumia leo, RFC 3261, ilitoka Juni 2002. Miaka 8 baada ya tahadhari ile bado ikaandika anwani ndani ya barua. Mimi naliona hili ni kosa la usanifu, na kila fundi anayehangaika na sauti ya upande mmoja analipa deni lake. Mark Spencer na wenzake walipotengeneza itifaki yao ya IAX waliiona shida hiyo. Wakapitisha maongezi ya kupanga simu na sauti yenyewe kwenye poti moja, 4569, na NAT ikaacha kuwasumbua. Bahati mbaya simu nyingi za mezani madukani zinajua SIP tu.

Sasa nirudi Tanga. Siku ya kwanza nilifanya ambalo wengi hufanya: niliwasha STUN kwenye simu. Wazo la STUN ni jema. Simu inatuma salamu kwa seva iliyoko nje, poti 3478, inauliza: wewe unaniona natokea wapi? Seva inaijibu kwa anwani na poti inayoiona kwenye bahasha, halafu simu inaandika hiyo kwenye karatasi badala ya ile ya bwenini. Nikapiga. Kimya vile vile. Nikabadilisha kodeki. Kimya. Nikapunguza ubora wa sauti, nikamlaumu mtoa huduma, nikazima faiawoli ya Dar yote kwa nusu saa, jambo ambalo sitalifanya tena kwa mteja. Siku mbili zikaenda, na wale wakatisha tiketi wakaendelea kununua vocha.

Siku ya tatu niliacha kubadilisha setingi, nikaanza kusoma. Kwenye Asterisk kuna amri mbili, pjsip set logger on na rtp set debug on. Ya kwanza inakuonyesha barua zote za SIP, ya pili inakuonyesha kila kipande cha sauti kinakotoka na kinakokwenda. Nikampigia dada wa Tanga kwa simu ya mkononi, nikamwomba aipige 101 na kuhesabu moja mpaka ishirini polepole. Kwenye kioo ikapita mistari hii miwili, ikijirudia na kujirudia (anwani za nje nimeweka zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano):

Got RTP packet from 198.51.100.77:52763
Sent RTP packet to 198.51.100.77:41200

Angalia namba za mwisho. Sauti ya Tanga inaingia ikitokea poti 52763. Dar inajibu kwenye 41200. Anwani ni ileile, sanduku silo.

Hiyo 41200 ilitoka kwa STUN, na STUN haikudanganya. Ruta ile ya laini haikuwa na anwani ya nje yake peke yake. Nyuma yake mtoa huduma alikuwa na tarishi mwingine mkubwa, anayehudumia wateja wengi kwa anwani chache. Kuna hata kundi la anwani lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, kwa hiyo ukiona ruta yako imepewa namba ya humo ujue uko nyuma ya tarishi wa pili. Huyu wa Tanga alikuwa wa aina ambayo kila unayemwandikia anakufungulia poti mpya. Ulipoiandikia seva ya STUN alikupa 41200. Ulipoiandikia Dar alikupa 52763. STUN ikakuambia ukweli wa barua yake, na ukweli huo haukufaa kwa barua nyingine. Kwa tarishi wa aina hii STUN peke yake haitoshi, hata ungebadilisha seva kumi.

Dawa ilikuwa kumfundisha Asterisk aache kuamini karatasi, aangalie bahasha. Niliondoa STUN kwenye simu kabisa, kisha kwenye setingi za 201 nikaandika:

direct_media=no
rtp_symmetric=yes
force_rport=yes
rewrite_contact=yes

Mstari wa pili ndio wa sauti: sauti ikija kutoka 52763, rudisha 52763, hata kama karatasi imeandika kingine. Wa tatu na wa nne ni wa SIP yenyewe: majibu yarudi pale barua ilipotokea, na anwani ya bwenini iliyoandikwa na simu ifutwe, iwekwe ile iliyoonekana. Utakuta watu wanazikopi zote bila kuziangalia, na zinafanya kazi, lakini ukijua kila mmoja unatibu nini hutaziweka mahali zisipotakiwa. Kufuata bahasha nako kuna hatari yake, maana mtu baki anaweza kuwahi kutuma vipande vyake na kurudishiwa sauti isiyo yake. Mwaka 2017 lilitangazwa pengo la usalama la namna hiyo likiitwa RTP Bleed, na Asterisk ikiwemo. Kwa hiyo hakikisha programu yako si ya zamani na strictrtp haijazimwa.

Nikampigia tena. "Dada, piga mia na moja." Nikamsikia mama anasema, "Haloo Tanga," na kabla sijauliza kitu dada akajibu, "Eeh, mama shikamoo, leo nakupata!"

Nilikuwa nimeshafunga begi. Mama akaniita: "Mwanangu, mbona inakata tukiwa katikati ya hesabu?"

Nikatoa simu, nikapima kwa saa. Sekunde 32. Mara ya pili, 32. Mara ya tatu, 32. Mtandao mbovu haukati kwa saa. Kitu kikikata kwa saa, kuna mahali kimeandikwa. Kwenye SIP, simu ikipokelewa, aliyepokea anatuma jibu la 200 OK, na aliyepiga lazima athibitishe kwa ACK. ACK isipofika, 200 OK inatumwa tena baada ya nusu sekunde, kisha baada ya sekunde moja, mbili, nne, halafu kila baada ya nne. Muda wote wa kungoja ni nusu sekunde mara 64. Piga hesabu: 32. Ukiisha, mashine inaona imesahauliwa, inakata. Watu wanaendelea kuongea muda wote huo kwa kuwa sauti ina njia yake, haingojei uthibitisho.

ACK ya Tanga ilikuwa inakwenda wapi? Nikasoma barua ya Dar. Mstari wa Contact, unaosema barua kama ACK iletwe wapi, ulikuwa na 192.168.1.20, anwani ya Asterisk chini ya meza. Kosa lile lile, safari hii limeandikwa na upande wetu. Kwenye setingi za Asterisk anwani ya nje inaandikwa mara mbili, moja kwa ajili ya sauti na moja kwa ajili ya SIP:

external_media_address=203.0.113.10
external_signaling_address=203.0.113.10
local_net=192.168.1.0/24

Mimi nilikuwa nimeandika ya kwanza na kuisahau ya pili. Mstari wa local_net nao usiachwe, kwa sababu ndio unaomwambia ni nani wa ndani asipewe anwani ya nje. Nikaongeza, nikawasha upya, nikakaa kwenye benchi la abiria nikitazama saa. Walipita 32. Walipita dakika moja. Waliongea dakika tisa, na si za hesabu zote.

Wiki iliyofuata dada wa Tanga akaniambia jambo ambalo kila fundi wa simu hizi ameshalisikia: "Kaka, asubuhi inaita vizuri, ikifika saa nne haiiti tena mpaka niizime niiwashe." Hapo ni tabia ya pili ya tarishi, kufuta mistari. Simu ile ilikuwa inajiandikisha Dar mara moja kwa saa, sekunde 3600. Kwenye ruta nyingi zinazoendeshwa na Linux, mstari wa UDP, aina ya paketi zilizobeba simu zetu, ukiwa hauna majibu hufutwa baada ya sekunde 30. Waraka RFC 4787 wa mwaka 2007 unataka usifutwe kabla ya dakika mbili, ila ruta za bei ya sokoni hazisomi nyaraka. Simu ikiwa haijatumika muda, mstari wake umeshafutwa, na Dar ikipiga tarishi anaitupa barua. Kuzima na kuwasha kunaandikisha upya, ndiyo maana inapona. Nikaweka qualify_frequency=25 ili Asterisk iibishie hodi simu kila sekunde 25. Kimya kikawa hakifiki 30, na malalamiko yakaisha.

Korogwe nako kulikuwa na ugonjwa wake. Ruta ya pale ilikuwa na kitu kiitwacho SIP ALG, ambacho ni tarishi aliyepewa ruhusa ya kufungua bahasha. Anafungua barua ya SIP, anatafuta anwani ya bwenini, anaifuta na kuandika ya nje, kwa nia njema. Tatizo ni kwamba anaandika nusu. Mstari wa Contact ulikuja na poti ambayo si ya simu wala si ya bahasha, na hata Asterisk ilipojaribu kufuata bahasha, tarishi alikuwa anazigeuza pia barua za kurudi. Ushauri wangu hauna masharti: zima SIP ALG popote unapoikuta. Sijapata kuona ikisaidia. Ruta ile haikuwa na swichi ya kuizima, kwa hiyo nikahamisha Korogwe kwenye SIP iliyofichwa kwa TLS, poti 5061. Barua iliyofungwa kwa lakiri tarishi hawezi kuisahihisha. Ubishi huu na ruta zinazojitia kusaidia ni wa zamani, kiasi kwamba toleo la STUN la mwaka 2008 linaificha anwani kwa hesabu ya XOR kabla ya kuirudisha, kwa kuwa kulikuwa na ruta zilizokuwa zinaifuta hata humo ndani.

Ule mstari wa direct_media=no ulilipa Tanga ilipoanza kuongea na Korogwe. Ukiuacha wazi, Dar inawaunganisha, kisha inajaribu kujitoa katikati ili waongee moja kwa moja. Matarishi wao hawajawahi kuandikiana, kwa hiyo unasikia "Halo" ya kwanza, halafu kimya. Ukiufunga, sauti yote inapita Dar na kurudi. Hapo bando linaingia. G.711 inabeba baiti 160 za sauti kwenye kila kipande, na anwani na vichwa vinaongeza baiti 40. Mara 50 kwa sekunde, ni kilobaiti 600 kwa dakika kwa upande mmoja, megabaiti 1.2 kwa kwenda na kurudi. G.729, kodeki inayobana sauti zaidi, inabeba baiti 20 tu za sauti, na vichwa vinabaki vile vile 40, kwa hiyo ni kilobaiti 360 kwa dakika kwenda na kurudi. Kwa ofisi inayonunua bando kwa wiki, tofauti hiyo inaonekana. Tanga na Korogwe nikawaweka kwenye G.729.

Watu huniuliza, mbona WhatsApp haina taabu hizi? Inazo. Kinachotofautiana ni nani anazibeba. Programu za namna hiyo zinajaribu njia kadhaa kwa pamoja: anwani ya ndani, anwani inayoonekana nje, na mwisho seva ya katikati ya kupitishia sauti. Inayofanikiwa ndiyo inayotumika. Utaratibu huo una viwango vyake vya wazi, ICE ya kujaribu njia na TURN ya seva ya katikati. Mwaka 2023 WhatsApp waliweka hata setingi ya kulinda anwani ya IP kwenye simu, ambayo ukiiwasha sauti yote inapitishwa kwenye seva zao. Kampuni kubwa ina seva za kutosha kila bara. Kampuni ya mabasi ina kompyuta moja chini ya meza.

Na sisi tuna mzigo wa ziada. AFRINIC, shirika la kule Mauritius linalogawa anwani za Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya anwani za zamani Januari 2020, na tangu hapo anayeomba hapewi zaidi ya 1,024 kwa mara moja. Mtoa huduma mwenye wateja malaki afanye nini? Anawarundika nyuma ya tarishi mmoja. Kijana wa Tanga anayetaka kuendesha seva yake mwenyewe nyumbani, ya simu au ya chochote, hana mlango wa kubishiwa hodi. IPv6, yenye anwani za biti 128, ingempa mlango wake, na ndiyo maana kila nikikutana na fundi wa mtoa huduma yeyote namuuliza: kwenye laini za kawaida mnaiwasha lini?

Mlango wa Dar ulipokuwa wazi ulileta wageni wengine. Poti 5060, ile ya SIP isiyofichwa, ikiwa wazi kwa dunia, haipiti siku bila mashine za watu kuja kubahatisha nywila. Kwenye kumbukumbu za Asterisk nyingi zilikuwa zinajitambulisha kwa jina friendly-scanner, na si rafiki wa mtu. Hatukupoteza hela kwa kuwa mfumo ule haukuwa na laini ya kupiga nje, lakini nililala vibaya. Mwaka 2020, WireGuard, programu ya kuchimba njia iliyofichwa kati ya mitandao, ilipoingia kwenye kiini cha Linux toleo la 5.6, niliamua kuacha kupambana. Nikaweka kifaa kidogo kila ofisi, kila kimoja kikichimba njia yake iliyofichwa mpaka Dar, kikibisha hodi kila sekunde 25. Humo ndani Tanga na Korogwe ni vyumba vya nyumba moja. Hakuna NAT kati yao, anwani ya bwenini inatosha, na 5060 nikaifunga kwa dunia. Anayeanza leo na ofisi zisizohama ningemwambia aanzie hapo moja kwa moja.

Walibaki mawakala wa vifurushi wa Chalinze na Segera, wanaotumia programu kwenye simu janja zao, leo wako kwenye mnara, kesho kwenye waifai ya nyumba ya wageni. Hao wanakuja kwa 5061 na bado wanategemea anwani ya nje ya Dar iandikwe sawasawa. Kampuni ililipia anwani isiyobadilika, ikakaa nayo vizuri, halafu siku moja wakahama mtoa huduma bila kuniambia.

Nilijua kwa mama wa meza ya tiketi. Alinipigia asubuhi, kabla wakala yeyote hajalalamika. Kwenye ukuta wa juu ya simu yake nilikuwa nimebandika karatasi yenye anwani ya nje kwa maandishi makubwa, na kumwonyesha ukurasa wa kuiangalia kwenye kompyuta yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Segera wananisikia, mimi siwasikii. Nimeangalia, namba yetu ya nje siyo ile ya ukutani. Leo inaishia na arobaini na nne. Andika, nikutajie yote?"